Bei ya Saa Kumi na Mbili

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu nikiwa bado juu ya msala, sijamaliza nyiradi za asubuhi. Uliandikwa hivi: "Bi Maalim, baba ametutoka leo saa kumi na moja alfajiri, hapa nyumbani Mchukwi. Nimesema mimi Neema, niliyekuwa nimemshika mkono." Mtu mwingine angeshangaa kuona binti aliyefiwa akitoa taarifa ya msiba kama shahidi mbele ya hakimu. Mimi sikushangaa. Niliusoma mara mbili, nikamwomba Mwenyezi Mungu awape subira, halafu nikakaa palepale mpaka jua likaingia mlangoni, kwa sababu nilijua mtindo ule wa kuandika umetoka wapi. Tuliutengeneza mimi na baba yake, Mzee Gervas, na ulitugharimu aibu kubwa kuupata. Watu wengi wakisimulia mwaka uliowajenga husimulia mwaka wa ujana. Mimi wangu ulinikuta nina miaka hamsini na miwili, nina miwani, na nimesomesha msahafu zaidi ya miaka ishirini nikidhani kwamba siku za kukaa mkekani kama mwanafunzi zimekwisha. Nashukuru kwamba hazikuwa zimekwisha.

Wakati huo, kama sasa, darasa langu la kina mama lilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, Kibiti, mikeka mitatu na ubao mweusi, na dirisha lililoleta vumbi na honi za mabasi ya Lindi. Tulisoma baada ya alasiri. Tukimaliza, ilikuja birika ya chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua, na hapo ndipo maneno yaliyokuwa yamebanwa wakati wa somo yalipotoka. Wengi wao walikuwa wakulima wa mpunga, wengine walikuwa na minazi au mihogo, na karibu kila siku walizungumza jambo lilelile. "Kaniambia mchele Kibiti umeporomoka, eti magari ya Dar hayaji," alisema mmoja. "Mimi kaniambia Ikwiriri ndiko ulikoporomoka, Kibiti haununuliwi kabisa," akajibu mwenzake. "Ni mtu mmoja?" "Huyohuyo, mwenye kofia ya kijani." Wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kuuza. Mnunuzi alifika shambani akiwa na bei yake na habari yake, na mwenye mchele hakuwa na namna ya kujua kama habari ile ni kweli mpaka gari limeondoka. Kisha waligeuza nyuso kwangu. "Bi Maalim, na hili vipi?" Nilikuwa na jibu la twahara, la mirathi, la saumu ya mgonjwa. La hili sikuwa nalo, na kutokuwa nalo kulinikera kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Nikaanza na nilichokuwa nacho, yaani chaki. Hadija, mwanafunzi wangu aliyeuza nafaka soko la Kibiti, alinipigia asubuhi kuniambia bei, nami nikaziandika pembeni mwa ubao. Wiki ya tatu, ubao wote ulikuwa bei na somo limehamia kwenye karatasi. Walio mbali wakapiga simu, mpaka nikawa najibu simu kuliko ninavyosomesha. Nikapiga ubao picha, nikatuma; picha zikasambaa, na za juzi zikawa zinatumwa kama za leo. Hadija ndiye aliyesema tunahitaji ukurasa mmoja kwenye mtandao, ambao kila mtu ataufungua mwenyewe hata kwa simu ya kawaida, ukionyesha bei ya sasa na si ya juzi. "Anayejua kutengeneza ni nani?" nikamuuliza. Akasema kuna mzee Mchukwi, karani mstaafu wa kumbukumbu, anafundisha kompyuta sebuleni kwake. "Lakini Mkristo," akaongeza, akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikamwambia sikuuliza anasali wapi, nimeuliza kama anajua.

Sebule ya Mzee Gervas ilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kushona kwa mkono, kalenda ya kanisa, na meza ndefu ya mninga iliyokuwa na kompyuta mpakato moja nzee iliyochomekwa ukutani saa zote, kwa kuwa betri yake ilikuwa imekufa. Mkewe, Mama Neema, alinipokea siku ya kwanza kwa sauti ya juu kutoka jikoni: "Karibu Bi Maalim! Kuku amechinjwa na jirani yetu Juma, na Juma nimemsimamia mwenyewe, bismillahi nimeisikia kwa masikio yangu!" Tulicheka wote watatu, na tangu siku hiyo sikuwahi kula pale kwa wasiwasi. Nilikwenda Jumatatu na Jumatano kwa bodaboda, nikifika saa mbili, nikiondoka kabla ya adhuhuri. Wali wa nazi na kuku, wakati mwingine muhogo na samaki wa kukaanga, vilikuja juu ya meza ileile ya mninga, na kompyuta ikasogezwa kando kama mgeni wa tatu asiyekula.

Nilidhani nitafundishwa kuandika kurasa. Nikaandika kurasa, kweli, moja moja, kwa mkono: mchele Kibiti, mchele Ikwiriri, nazi Kibiti, nazi Ikwiriri. Nilipofika ya kumi na nne Mzee Gervas akasema, "Mama, na kesho bei zikibadilika utaziandika upya zote?" Akauliza kama nimewahi kuandika kadi za mwaliko wa hitima. Nimeandika nyingi. "Maneno yanabadilika?" Hapana, nikamwambia, maneno ni yaleyale, kinachobadilika ni jina la mwalikwa kwenye vile vidoti. "Basi," akasema, "kadi ni kiolezo. Orodha ya wageni ni jedwali. Na yule anayekaa kuandika majina ndiye skripti. Leo tunamtengeneza huyo mwandishi." Sijapata kuelezwa jambo kwa uwazi kama ule. Ukurasa mmoja wenye nafasi tupu. Jedwali lenye tarehe, saa, soko, bidhaa, kipimo na bei. Na mistari isiyozidi arobaini inayosoma jedwali na kujaza nafasi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa muda wa kumeza funda la chai.

Haikuja kwa urahisi. Mara ya kwanza kurasa zilitoka zikiwa na majina ya nafasi badala ya bei, kwamba "bidhaa" inauzwa "bei" huko "soko". Mara ya pili zilitangaza kwamba kilo ya mchele ni shilingi mbili. Hadija alipoziona akapiga simu: "Bi Maalim, kwa bei hiyo nanunua soko zima pamoja na mlinzi." Ilituchukua asubuhi nzima kugundua kwamba alama ya mkato niliyoweka katikati ya elfu mbili na mia nne ndiyo ileile ambayo jedwali lilitumia kutenganisha safu, kwa hiyo mbili ilibaki kwenye bei na mia nne ikaangukia mlango wa jirani. Niliyazoea makosa haya kwa sababu nililelewa nayo. Kwetu chuoni, tukisoma msahafu, ukikosea nukta moja ya herufi hukupita. Ulirudishwa mwanzo wa mstari, ukasoma tena, na mwalimu hakukasirika wala hakuchoka. Mashine ilikuwa mwalimu wa namna hiyo. Kabla ya kuiendesha skripti nilisema bismillahi, na Mzee Gervas akanitania, "Siku hizi inakutii wewe kuliko mimi, labda na mimi nianze kuisema." Nikamwambia aseme, haina kodi.

Kufikia masika kwisha tulikuwa na kurasa zinazosomeka. Kanuni yetu ilikuwa rahisi: kwa kila bidhaa na kila soko, skripti ichukue bei ya mwisho ya siku hiyo, yaani mstari wenye saa kubwa kuliko mingine. Tuliijaribu kwa wiki sita. Hadija alikuwa akipiga saa mbili na saa nne, na ukurasa ulionyesha bei ya saa nne, kama ilivyopasa. Nilipowatangazia kina mama, nilisema maneno ambayo bado nayasikia: "Sasa hamhitaji kumuuliza mwenye kofia. Fungueni mtazame." Niliwapa neno langu, na neno langu ndilo mali pekee niliyokuwa nayo mbele yao.

Mavuno yalipofika, soko la Kibiti lilianza kuchangamka mapema. Hadija, kwa bidii yake, akaongeza simu ya kwanza wakati wa macheo, saa kumi na mbili asubuhi, halafu saa tatu, halafu saa tano. Nilifurahi. Nilijaza jedwali, nikaendesha skripti, nikatazama kwamba kurasa zimetoka, nikaenda kwenye shughuli zangu. Siku ya tisa, katikati ya darasa la alasiri, mlango ukasukumwa akaingia Somoe.

Somoe alisoma kwangu tangu utotoni mpaka alipoolewa Chumbi, na ulimi wake tangu hapo ulikuwa mkali. Hakukaa. Kanga yake ilikuwa na vumbi la unga wa mchele mpaka mabegani. "Shikamoo, Bi Maalim." "Marahaba, Somoe, karibu mkekani." "Sikai. Nimekuja kuuliza tu. Hiyo mashine yako inasali alfajiri peke yake? Adhuhuri haiijui?" Wanafunzi wakatazama chini. Akaeleza akiwa amesimama. Mwenye kofia ya kijani alifika Chumbi juzi alasiri, akampa bei ya elfu moja na mia tisa kwa kilo. Yeye akafungua ukurasa wangu, akaona Kibiti ni elfu mbili na mia nne, akamwonyesha mlango. Akawashawishi wenzake wawili, jana asubuhi wakakodi gari, wakapakia magunia kumi na moja, wakavuka daraja kuja Kibiti. Walipofika saa nne bei ilikuwa elfu moja na mia nane. "Hadija kaniambia hiyo elfu mbili na mia nne ilikuwa ya macheo, ya magunia mawili ya kwanza, kabla ya magari ya Ikwiriri kuingia. Anasema juzi hiyohiyo saa tatu alikupigia akakwambia imeshuka. Alikupigia, hakukupigia?" Nikasema alinipigia. "Uliandika, hukuandika?" Nikasema niliandika. "Basi kwa nini mimi nimesoma ya macheo?" Akageukia wenzake. "Yule wa kofia angalau ananidanganya uso kwa uso." Akatoka.

Sikulala vizuri, nakiri, na si kwa ajili ya fedha ya gari peke yake. Miaka yote niliwafundisha kina mama wale kwamba anayepunja kipimo amejidhulumu mwenyewe kwanza, na sasa mimi ndiye niliyewapa kipimo kilichopunjika, tena nikiwa nimekiapia. Kulikucha nikaenda Mchukwi bila kungoja Jumatano. Mama Neema aliniona uso wangu akaleta chai bila mzaha wowote. Tulikaa mezani, mimi na Mzee Gervas, tukaifungua mistari ya siku ya Somoe. Ilikuwepo mitatu, sahihi kabisa: saa kumi na mbili, elfu mbili na mia nne; saa tatu, elfu mbili; saa tano, elfu moja na mia nane. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama," akasema taratibu, "skripti inachukua saa kubwa." Akaweka kidole juu ya kumi na mbili. Kwa mashine, kumi na mbili ni kubwa kuliko tano. Kwa siku tisa ilikuwa imechukua bei ya kwanza ya siku ikaitangaza kuwa ya mwisho.

"Kosa langu," alisema. "Miaka thelathini nimeandika saa za ofisini, za Kizungu, sita mpaka kumi na nane. Nilipokuandikia kanuni ile nilikuwa naona saa zangu kichwani, si zenu." Nikamwambia hapana, mwandishi wa jedwali ni mimi, na mimi ndiye niliyewaambia watu wasiulize. Tukagombea kosa kama watu wanavyogombea kulipa nauli, mpaka Mama Neema akasema kutoka jikoni, "Gawaneni, linawatosha wote." Kisha Mzee Gervas akapendekeza njia fupi: tumwambie Hadija aanze kusoma saa za ofisini, aseme sita badala ya kumi na mbili. Hapo ndipo nilipokataa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia mwalimu wangu. "Hadija anaamka, anaona jua, anasema saa kumi na mbili. Bibi yake alisema hivyo hivyo. Hatabadilisha asubuhi yake kwa ajili ya mashine. Mashine ndiyo itakayojifunza." Akatabasamu. "Haya, ifundishe."

Nilikaa mbele ya kibodi mpaka karibu na adhuhuri. Nilijaribu kuongeza sita kwa kila saa, na kumi na mbili ikawa kumi na nane, bado kubwa kuliko zote. Nikafuta. Nikafikiri juu ya siku yenyewe, si juu ya namba: jua linachomoza, tunasema kumi na mbili, halafu moja, halafu mbili. Kumi na mbili inatangulia moja. Kitu gani kinatangulia moja? Nikaandika mstari mmoja tu, kwamba ikiwa ni asubuhi na saa ni kumi na mbili, ihesabu kuwa sifuri. Nikasema bismillahi. Ukurasa ukatoka na elfu moja na mia nane. Mzee Gervas alisogeza sahani ya wali mbele yangu, akaenda kusimama mlangoni, akatazama nje.

Ingewezekana kuishia hapo. Kurasa zilikuwa zimepona, na walio wengi hawakujua hata kwamba ziliugua. Lakini kesho yake nilipanda gari nikavuka daraja mpaka Chumbi, nikawakuta wamekaa kwenye kivuli cha ghala wakipepeta, Somoe na wenzake wawili na wengine kama kumi hivi. Nikawaambia yote nikiwa nimesimama, kama yeye alivyosimama kwangu. Kwamba siku tisa bei zote za Kibiti zilikuwa za macheo. Kwamba sababu ni kosa langu na si la Hadija. Kwamba gari la magunia kumi na moja nitalilipa mimi. Mmoja akasema yamekwisha, ni kazi ya Mungu. Somoe hakusema yamekwisha. Aliendelea kupepeta, makapi yakimwangukia miguuni, mpaka ungo ukaisha. "Gari sitaki," akasema. "Nataka saa. Mimi nikifungua huo ukurasa wako nataka nione hii bei ni ya saa ngapi, na kasema nani. Nikimjua aliyesema, nitajua nimpigie nani simu nimtukane." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimepigwa mahali ninapojua.

Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa tangu wadogo kwamba habari haipokelewi hivi hivi. Huulizwa: imetoka kwa nani? Naye alikuwepo, au kaambiwa? Lini, na wapi? Wazee wetu wa elimu walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha jina moja katika mlolongo wa wasimulizi. Nami niliyesomesha hayo kwa miaka ishirini nilikuwa nimewapa kina mama namba iliyoning'inia hewani, isiyo na msemaji wala saa, nikawaambia waiamini kwa sababu inatoka kwangu. Mwanamke anayepepeta mchele ndiye aliyenirudisha kwenye somo la kwanza. Nikarudi Mchukwi, tukaongeza nafasi mbili kwenye kiolezo. Tangu siku hiyo kila ukurasa unaandika chini ya bei: imesemwa na Hadija, soko la Kibiti, saa tano asubuhi, naye alikuwepo.

Wiki mbili baadaye Somoe alikuja Kibiti, hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja sokoni. Hadija alinisimulia. Alisimama mbele ya magunia na simu mkononi, akauliza bei, akatazama simu, akauliza kwa muuzaji wa pili, akatazama tena. Akasema neno moja tu, "Sahihi," akaondoka. Mwezi uliofuata alinipigia mwenyewe. "Andika: Chumbi, mchele, elfu moja na mia tisa. Saa moja asubuhi. Kasema Somoe. Umeandika?" Nikamwambia nimeandika. "Nisomee." Nikamsomea. Ameendelea kunipigia mpaka leo, na mpaka leo lazima nimsomee.

Tulimzika Mzee Gervas hukohuko Mchukwi, kwa taratibu za kanisa lake. Nilikaa na kina mama sebuleni, na meza ya mninga ilikuwa imesukumwa ukutani, kompyuta ile bado juu yake, imefunikwa kitambaa. Baada ya mazishi Neema akaniomba niseme neno juu ya baba yake. Waliotangulia walikuwa wamesema mengi mazuri, mengine ya kusikia. Nikainuka, magoti yakilalamika, nikasema mambo matatu tu, niliyoyaona kwa macho yangu, mahali yalipotokea na saa zake: kwamba nilikuwepo asubuhi ile, yapata saa tatu, aliposema "kosa langu" kabla mtu yeyote hajamlaumu, kwamba nilikuwepo, kabla ya adhuhuri, alipoacha mwanafunzi wake amkatalie na akafurahi, na kwamba kila mara nilipokula katika nyumba hii kuku wake alikuwa amechinjwa na Juma. Nikakaa. Ndipo kutoka nyuma, karibu na mlango, nikamsikia Somoe, aliyekuwa ametoka Chumbi tangu macheo ili awahi, akisema kwa sauti ileile ya sokoni: "Sahihi."